Unguja mpaka Pemba kwa ndege: kilomita ngapi, dakika ngapi, na namna ya kupiga hesabu mwenyewe

Binamu yangu anaishi Maskati, miaka mingi yuko huko, na kuna mwaka alikuwa anakuja nyumbani kwa Idd akataka kupanga safari yake yote mwenyewe kwenye simu. Usiku ananipigia, kapaniki: "Hebu niambie, hii Pemba imehama? Mbona hapa naandikiwa kilomita mia saba na sitini?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe saiti imempeleka Pemba ya Msumbiji, kule Cabo Delgado, na huko pia kuna mji unaitwa Pemba na una kiwanja chake cha ndege. Sisi tunamsubiri Chake Chake, mji wa Pemba yetu, yeye keshaandikiwa safari ya nchi nyingine kabisa.

Kwa hiyo kabla hujapiga hesabu yoyote, jambo la kwanza ni zile herufi tatu za kiwanja. Unguja ni ZNZ. Pemba yetu ni PMA. Ukiona POL, hapo ni Msumbiji, rudi nyuma. Usiamini jina tupu hata kidogo, maana hata majina ya hapa kwetu yanachanganya, kiwanja cha Unguja tangu 2010 kinaitwa Abeid Amani Karume lakini wazee bado wanakiita Kisauni, na cha Pemba nacho kuna wanaokiita Karume na wengine Wawi kwa sababu kiko upande wa Wawi, nje kidogo ya Chake. Sasa mtu anakwambia "nakwenda Karume", Karume ipi? Herufi tatu ndio zinamaliza ubishi.

Haya, umbali. Hapa watu wanagombana bure kwa sababu kila mmoja anapima kitu chake. Mmoja atakwambia Unguja na Pemba ni kilomita 50 tu, na hajakosea, huyo anapima kutoka Nungwi huku juu mpaka ncha ya chini ya Pemba, ule mkondo wenyewe. Lakini ndege haiondoki Nungwi. Inaondoka Kisauni, kusini ya mji, halafu inatua Wawi ambayo iko katikati ya kisiwa cha Pemba, kwa hiyo ongeza zaidi ya nusu ya Unguja na kipande cha Pemba. Kiwanja kwa kiwanja ni kama kilomita 125. Kwa maili za kawaida ni 78, na kwa maili za baharini ambazo ndio marubani wanatumia ni 67 na nusu hivi.

Nimeipata wapi hiyo 125? Sijaikopi, na wewe usikopi, ipige mwenyewe, ni hesabu ya skuli tu na kalkuleta ya simu inatosha. Fungua ramani kwenye simu, shikilia kidole juu ya uwanja wenyewe, pale kwenye njia ya kurukia ndege, itakutolea namba mbili, ya kwanza latitudo ya pili longitudo. Kwa Unguja utapata kama 6.222 kusini na 39.225 mashariki. Kwa Pemba 5.257 kusini na 39.811 mashariki. Sasa toa: 6.222 toa 5.257 unabaki na 0.965, hiyo ni tofauti ya kwenda juu, yaani kaskazini. 39.811 toa 39.225 ni 0.586, hiyo tofauti ya kwenda mashariki. Kila digrii moja huku kwetu chukua kilomita 111. Zidisha: 0.965 mara 111 ni 107, na 0.586 mara 111 ni 65. Kwa hiyo Pemba iko kilomita 107 juu na 65 kulia. Ile mambo ya pembetatu mraba ya Pythagoras uliyokuwa unalalamika "hii ntaitumia wapi", ndio hapa, 107 mara 107 jumlisha 65 mara 65, halafu tafuta kipeuo cha pili. Inakuja 125. Basi, umemaliza, na hakuna saiti iliyokuuzia matangazo.

Angalizo dogo tu, hii njia ya mkato inafanya kazi vizuri kwetu kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Digrii za longitudo zinabanana kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, kama vipande vya chungwa vinavyokutana kwenye kikonyo. Huku digrii 6 zinapungua chini ya asilimia moja, hata usihangaike nazo. Lakini mtu alioko Scotland kule visiwa vya Orkney, digrii 59, digrii moja ya longitudo imebaki kama kilomita 57 tu, nusu nzima imepotea, kwa hiyo lazima azidishe ile 111 na kosaini ya latitudo yake kwanza (ile cos ya kwenye kalkuleta). Na maadam nimetaja Orkney, huko ndio kuna safari ya ndege ya abiria fupi kuliko zote duniani zenye ratiba, kutoka kisiwa cha Westray mpaka Papa Westray, kilomita 2.7, ratiba inasema dakika mbili na kuna siku ilikwenda kwa sekunde 53. Yaani hujamaliza kufunga mkanda umeshafika. Ukisikia mtu analalamika Pemba karibu mno kupanda ndege mwambie habari hiyo.

Sasa tuje kwenye muda, na hapa ndio kuna uongo mwingi.

Ukiuliza saiti nyingi za umbali zitakwambia Unguja mpaka Pemba ni dakika 39. Utajiuliza imetoka wapi hiyo 39, mbona tiketi imeandikwa 30? Nimekaa nikaifukua. Wanachofanya ni kuchukua mwendo wa ndege kubwa, ile jeti ya kilomita 800 kwa saa, wanagawa 125 kwa 800 wanapata dakika 9, halafu wanaongeza nusu saa nzima ya kuruka na kutua kwa kila safari ya dunia hii, iwe ya London au ya Pemba. 9 na 30 ni 39. Hesabu haina kosa ila ndege sio hiyo. Huku mara nyingi utapanda Cessna Caravan, ile ya panga moja mbele, abiria kumi na mbili hivi, unamuona rubani mgongoni kama dereva wa daladala. Caravan inakwenda kama kilomita 300 kwa saa, noti 160 hivi, na noti ni maili ya baharini kwa saa.

Piga: 125 gawa kwa 300 unapata 0.417, zidisha kwa 60 zinakuja dakika 25. Hapo ni ingekuwa iko kasi hiyo hiyo mwanzo mpaka mwisho, nayo haiko, inapanda taratibu, inashuka taratibu, kuna kugeuka kuielekea njia, kuna kutembea chini kabla ya kuruka na baada ya kutua. Weka dakika 5 mpaka 10 za mambo hayo. Ndio maana tiketi ni 30 au 35, na ukipima kwa saa yako mwenyewe kuanzia magurudumu yanyanyuke mpaka yaguse utapata kama 25 na ushei.

Watu wananiuliza, je nikipata ndege kubwa zaidi, zile za mapanga mawili kama ATR, si ntafika kwa nusu ya muda? ATR inaweza kwenda kilomita 500 kwa saa, gawa utapata robo saa. Lakini wapi, kwa njia fupi hivi ikishamaliza kupanda tayari inatakiwa ianze kushuka, ile kasi yake haipati nafasi ya kuitumia. Utaokoa dakika tano, labda saba, halafu utazipoteza kusubiri abiria wengi zaidi washuke na mabegi. Kwenye safari ya chini ya kilomita 150 usilipe zaidi kwa ajili ya kasi, lipa kwa ajili ya ratiba inayokufaa.

Upepo nao usiusahau, na huu kila Mzanzibari anaujua hata kama hajapanda ndege. Kwenda Pemba ndege inaelekea kaskazini imelalia mashariki kidogo. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, upepo unakuja usoni. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, unakusukuma mgongoni. Chukua upepo wa noti 20 uwe wa moja kwa moja, ndege ya noti 160 ikipigwa usoni inabaki na 140, kwa hiyo zile maili za baharini 67 na nusu zinachukua dakika 29. Ikisukumwa inakuwa 180, dakika 22 na nusu. Tofauti dakika sita hivi, na kurudi inakuwa kinyume chake. Sio kitu cha kukosesha usingizi ila ukiona kwenda mmetumia dakika nyingi kuliko kurudi usimlaumu rubani, ni ule ule upepo ulioleta majahazi ya Arabuni. Kinachochelewesha kweli ni masika, mawingu yakikaa juu ya kiwanja ndege inasubiri chini mpaka kuone, na hapo hakuna fomula.

Kabla sijaendelea, saa za tiketi. Hili limemkuta shemeji yangu kwa hiyo nalisema kwa uchungu. Tiketi iliandikwa 07:30, yeye akasoma saa saba na nusu, akala chakula cha mchana kwa starehe, akaoga, akavaa kanzu, akafika kiwanjani saa sita u nusu mchana anajisifu kawahi. Ndege ilishaondoka saa moja na nusu asubuhi, pengine ilishakwenda na kurudi mara mbili. Tiketi zote ni saa za kizungu zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Kanuni ya mchana: toa 6. 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, 13:30 ni saa saba na nusu mchana, 16:00 ni saa kumi jioni. Ikiwa namba iko chini ya 7, kama 05:45, ongeza 6, hapo ni saa kumi na moja na robo tatu alfajiri. Mimi nikimkatia mtu mzima tiketi namuandikia saa ya Kiswahili kwa kalamu juu yake, kubwa, na neno asubuhi au mchana.

Uzuri Unguja na Pemba zinatumia saa ile ile, bara pia, Kenya pia, hata Komoro. Ukipiga hesabu ya kwenda Shelisheli au Morisi ndio kuna kuongeza saa moja ukifika, usije ukadhani ndege imechelewa.

Tuje kwenye muda wa kweli sasa, yaani toka mlangoni kwako mpaka mlangoni kwa unayemfuata, maana dakika 30 za angani ni kipande kidogo tu. Tuseme unatoka Darajani, mjini Unguja. Daladala za kiwanjani zipo, teksi ni haraka zaidi, weka dakika 20 mpaka 30 kwa foleni. Mwambie dereva "ndege za ndani", kwa sababu zile za nje zina teminali yake na ukishushwa kule na mabegi utatembea kwenye jua. Ukitakiwa ufike saa moja kabla, fika saa moja kabla kweli, ndege ya watu kumi na mbili haina subira. Angani nusu saa. Pemba kiwanja ni kidogo, begi lako unaliona linashushwa, dakika kumi uko nje. Kutoka hapo mpaka Chake ni kama kilomita 7, robo saa. Jumlisha yote: masaa mawili na robo hivi. Kama unakwenda Wete, mji wa kaskazini, ongeza kilomita 30 za barabara, kama ni mji wa Mkoani, kule kusini, ni hivyo hivyo ila upande wa pili.

Na hapo ndio ulinganishe na boti. Boti kwa kawaida inakushusha Mkoani, sio Chake. Kwa hiyo mtu wa Mkoani mwenye mzigo mkubwa na asiyetapika baharini kwa kweli mimi ntamwambia panda boti, ndege itampeleka Chake halafu ataanza kurudi chini kwa gari. Mtu wa Chake na Wete, au mwenye mgonjwa, au aliyepigiwa simu ya msiba asubuhi na mazishi ni adhuhuri, huyo ndege.

Mzigo unaingia kwenye hesabu pia. Ndege ndogo nyingi wanaruhusu kilo 15, na wanapenda begi laini linalobonyea kuliko sanduku gumu, kwa sababu sehemu ya mizigo ni kijitumbo chini ya ndege. Na wakati mwingine wanakupima na wewe mwenyewe, maana ndege ikiwa ndogo kila kilo ina mahali pake pa kukaa. Shangazi yangu alipoambiwa apande kwenye mizani na begi mkononi aligoma mbele za watu: "Miye mwanangu siuzwi kwa kilo." Yule kijana wa kaunta, mstaarabu sana, akamwambia, "Bi mkubwa, sio bei, ni tujue pa kukukalisha." Akapanda, lakini kwanza akanikabidhi mkoba, akavua na viatu. Dakika tano zimekwenda hapo, mnaona, hazimo kwenye saiti yoyote.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye tiketi ni kama ndege inakwenda moja kwa moja au inapitia pahala. Kuna safari za Pemba zinazoanzia Dar zikagusa Unguja, kuna zinazopitia Tanga. Ukitaka kujua kupitia pahala kunakugharimu nini, tumia ile ile hesabu yetu kwa kila kipande. Mfano Pemba mpaka Tanga ni kilomita 84 tu, karibu kuliko Unguja, watu wengi hawaamini mpaka nipige mbele yao.

Mfano mzuri zaidi ni Mafia. Mtu yuko Unguja anataka kwenda kisiwa cha Mafia, anasononeka kwamba lazima apitie Dar, anaona anazungushwa. Hebu tupige. Unguja mpaka Mafia mstari mmoja ni kama kilomita 194. Unguja mpaka Dar ni 73, Dar mpaka Mafia ni 126, jumla 199. Tofauti kilomita 5! Dakika moja ya Caravan. Dar iko karibu kabisa na njia, haikuzungushi. Kinachokuumiza ni kukaa Dar chini, kama ndege ya pili inaondoka baada ya dakika 30 huna neno, kama ni baada ya masaa manne basi hizo ndio safari yako yenyewe. Kwa hiyo kwenye visiwa vyetu usiulize "kilomita ngapi" kwa safari ya kuunganisha, uliza "nasubiri muda gani", na uache angalau saa moja na nusu baina ya ndege mbili kama ni tiketi mbali mbali, kwa sababu ya kwanza ikichelewa ya pili haikujui.

Mwisho, kiti. Kwenda Pemba kaa kushoto, kurudi kaa kulia, kama hawajakupangia kwa uzito. Ndege inakata juu ya mashamba ya Unguja, minazi na mabati, inatokea baharini upande wa Kiwengwa huko, halafu ni kama kilomita 70 za maji matupu. Baada ya dakika kumi hivi tangu iruke tazama chini kushoto utaona kisiwa kidogo kimezungukwa na maji ya kijani kibichi, hicho ni Mnemba. Kikiwa sawasawa na bega lako basi umeshakwenda kama kilomita 47, zimebaki 78, na kwa ile kasi ya 300 ni robo saa na ushei mpaka Wawi. Mimi huwa nampigia hesabu aliyekaa pembeni yangu, hasa akiwa anaogopa, namwambia bado dakika kumi na sita, bado kumi na mbili, na ikianza kuonekana ile bandari ya Mkoani upande huo huo namwambia mpigie anayekuja kukupokea ukishatua tu, maana ukimpigia ukiwa Kisauni atakuja mapema akae juani, na ukimpigia umeshatoka nje utakaa juani wewe.